Dirisha la Tunduma na Hesabu ya Kompyuta

Mtu alalaye Tunduma usiku wa Juni hujifunika mablanketi mawili. Naye huyo huyo, kesho yake akiteremka Kamsamba katika bonde la Rukwa, hutafuta kivuli cha mwembe kabla ya adhuhuri. Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, una nchi ya baridi na nchi ya joto ndani ya mipaka yake, ilhali ramani za nyumba zinazojengwa kotekote aghalabu ni zile zile.

Wasanifu majengo wa leo wamejaliwa programu za ajabu, ambazo hupewa unene wa kuta, aina ya bati na kumbukumbu ya hali ya hewa ya saa zote 8,760 za mwaka, zikatabiri joto la kila chumba hata kabla msingi haujachimbwa. Nyingine, iitwayo EDGE, iliyotolewa na Shirika la Fedha la Kimataifa (IFC), hutaka jengo liokoe walau asilimia 20 ya nishati itumikayo ndani yake, ya maji, na ya nishati iliyotumika kutengenezea vifaa vyake. Hiyo ni elimu yenye manufaa, na atakayeidharau atawadhulumu wale watakaoishi humo.

Lakini kompyuta huhesabu kile ilichoambiwa. Msanifu akiipa hali ya hewa ya Mbeya, mji ulio takriban mita 1,700 juu ya bahari, kwa nyumba itakayosimama Kamsamba, karibu na Ziwa Rukwa ambalo uso wake haufiki mita 900, atakuwa amekosea kwa nyuzi tano hivi, maadamu hewa hupoa kama nyuzi sita kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Hali kadhalika jua: huku kwetu, nyuzi tisa kusini mwa ikweta, jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini mwezi Juni na upande wa kusini mwezi Desemba, kwa hiyo nyumba yahitaji upenu pande zote mbili, na mchoro ulioigwa kutoka Ulaya, ambako jua la adhuhuri huwa upande wa kusini mwaka mzima, hautatufaa.

Na matofali je? Katika orodha ya programu tofali la kuchoma lina tarakimu yake. Ila tanuri la kwetu hula magogo ya miombo, na fundi huligonga tofali kwa tofali akasikiliza mlio, kisha hulivunja moja kutazama kama kiini kimeiva. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukifundisha matofali ya kufungamana, yanayoshindiliwa kwa mashine kutokana na udongo na saruji kidogo, yasiyohitaji kuni hata kidogo. Lakini mkono wa mtu uufinyangao udongo ule ndio utambuao kama una mchanga wa kutosha.

Neno la mwisho ni la malori. Tuseme upepo wa kiwanja kimoja cha Tunduma hutoka upande wa barabara kuu, na kompyuta imeshauri dirisha pana lifunguliwe huko. Kituo cha huduma za pamoja mpakani, kati ya Tunduma na Nakonde ya Zambia, kilifunguliwa mwaka 2019, lakini foleni za magari yaendayo Zambia bado huonekana, injini zikiunguruma, moshi na vumbi vikipanda. Msanifu aliyesimama pale alfajiri, akakohoa, hurejea mezani kwake, akalihamishia dirisha uani, akaiamrisha mashine ihesabu upya.