Mwenye duka, pumzika kabla ugonjwa haujakulazimisha

KARIBU kila mji nchini una mwenye duka wa aina hii: hufungua saa 12 asubuhi na kufunga saa 2 usiku, siku zote saba. Ufunguo wa sanduku la pesa hautoki mfukoni mwake. Chakula cha mchana hula akiwa kwenye kaunta, na kwenda kliniki huahirisha kila mwezi kwa kuhofia kuibiwa. Wafanyakazi wake hupumzika siku moja kwa wiki, kama Sheria ya Ajira ya 2007 inavyotaka. Yeye hapumziki.

Mtu huyo hufanya kazi saa 98 kwa wiki. Mnamo 2021, Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Kazi Duniani (ILO) yalitangaza kuwa wanaofanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki wana hatari ya kupatwa na kiharusi inayozidi kwa asilimia 35 ile ya wanaofanya kazi saa 35 hadi 40.

Shinikizo la damu, ambalo ni chanzo kikuu cha kiharusi, mara nyingi halina dalili. Mtu hujiona mzima huku kipimo kikiwa 140/90 au zaidi. Akianguka ghafla, ufunguo utashikwa na mtu ambaye hakufunzwa lolote.

Je, utapumzika vipi bila kupoteza mali? Kwanza, elewa kuwa kuondoka kwenye kaunta si kuacha wajibu. Leseni na madeni yangali kwa jina lako, na ushuru usipolipwa, KRA itakutafuta wewe.

Kwa hivyo kabidhi kazi, lakini ubaki na hesabu. Teua msimamizi mmoja na umweleze kiasi cha pesa anachoweza kutumia bila kukuuliza. Anayepokea pesa asiwe ndiye anayeandika daftari. Kila wiki, tenga siku ya kulinganisha mauzo, taarifa ya M-Pesa na bidhaa zilizobaki. Siku nyingine usipige simu kila baada ya dakika kumi, kwani huko si kupumzika.

Anza na alasiri moja, na uitumie kwenda kupimwa. Ukipewa dawa, usiziache bila idhini ya daktari hata ukijihisi nafuu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Afya nayo ni vivyo hivyo.