Kabla ya Kufungua Kituo cha Watoto, Jua Mama Anatoka Saa Ngapi

Anayepanga kufungua kituo cha kulelea watoto mchana Mbagala au Tandika, Dar es Salaam, huangalia kwanza uchochoroni: watoto wamejaa, basi wateja wapo. Hesabu hiyo inapotosha. Mteja wa kituo ni mzazi mwenye saa yake ya kutoka nyumbani na namna yake ya kupata fedha. Mama ntilie anayewahi samaki soko la Feri huondoka kungali giza. Muuza duka wa Kariakoo hurudi usiku umeshaingia. Kituo kinachofunguliwa saa 2 asubuhi na kufungwa saa 9 alasiri hakiwafai, hata kikiwa na bembea na kuta zilizochorwa twiga. Wanayemtegemea ni bibi, dada wa kazi, au jirani anayempokea mtoto mlangoni akiwa bado usingizini, amefunikwa khanga. Hao ndio washindani wa kuchunguzwa kwanza.

Umri nao una uzito wake. Sheria ya kazi Tanzania humpa mama siku 84 za likizo ya uzazi, kwa hiyo mwajiriwa hurudi kazini mtoto akiwa hajatimiza hata miezi 3. Kituo kinachopokea wa miaka 2 kwenda juu hakijamsaidia. Pengo la soko liko hapo, ila kuliziba ni ghali: mlezi anayewamudu watoto kumi wanaotembea hawezi kuwamudu kumi wa kubebwa. Kupokea wachanga bila kuongeza walezi ni kuhatarisha uhai wao, na faida yoyote haihalalishi hilo.

Kisha fedha. Tuseme ada ni shilingi 2,000 kwa siku na watoto ni 20: ni shilingi 40,000. Lakini mzazi wa kibarua hulipa siku aliyopata. Mvua ikinyesha wakaja 12, zinaingia 24,000, na mishahara ya walezi na kodi ya nyumba viko palepale. Panga bajeti kwa siku ya mvua.

Wapo wanaosema jirani zao walianza bila utafiti wowote na bado wanaendelea. Ni kweli, lakini jirani wa aina hiyo analea sebuleni kwake. Halipi pango wala mshahara, na watoto wakipungua hapotezi mtaji. Wengine wanaona utafiti ni wa matajiri. Asubuhi tatu kwenye kituo cha daladala, ukiwauliza akina mama wanawaacha wapi watoto na kwa shilingi ngapi, zinagharimu nauli tu.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka kituo kisajiliwe. Muone afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, umuulize jengo linatakiwa liweje, kabla hujasaini mkataba wa pango. Wenye nyumba wengi Dar es Salaam hudai kodi ya miezi 6 kwa mpigo, na jengo likikataliwa, kurudishiwa fedha hiyo ni shida.