Mchanga wa Bahari Hauoshwi Ukawa wa Mto

Swali ni lilelile, kinachobadilika ni idadi tu: nimeosha mchanga wa bahari mara tano, mara saba, mara kumi; je, chumvi imeisha sasa niuweke kwenye tangi la samaki? Imeisha. Chumvi ni nyepesi kuyeyuka, haikuhitaji hata nusu ya jasho hilo. Lakini kinachowaua samaki wako si chumvi, na ndiyo maana majibu ya "osha tena" yananikera.

Chukua mchanga mweupe wa Paje au Nungwi, utandaze kiganjani, uutazame juani. Utaona vipande vya kombe, matumbawe yaliyosagika, vigamba vya mwani. Hiyo ni chokaa. Haitoki kwa maji ya bomba wala kwa kuanikwa wiki nzima. Kuchemsha nako kunaua vijidudu tu. Kombe linabaki kombe. Ndani ya tangi, samaki wanapopumua wanatoa kabonidayoksaidi, maji yanapata asidi kidogo, na asidi hiyo inaila chokaa polepole. Baada ya muda maji yamekuwa magumu na pH imepanda hadi 8 au kupita. Ukibadilisha maji inashuka, kisha inapanda tena, na samaki wanateseka kwa kupanda na kwa kushuka.

Hapo ndipo amonia inayotokana na kinyesi na chakula inapopata nguvu. Katika maji ya nyuzi joto 25 yenye pH 7, sehemu yenye sumu haifiki asilimia 1 ya amonia yote. Kwenye pH 8 inafika kama asilimia 5. Kinyesi ni kilekile, chakula ni kilekile, sumu imeongezeka karibu mara kumi. Samaki wanapanda juu wanatweta, mwenyewe anakimbilia dukani, anauziwa dawa ya bluu ya fangasi. Samaki hawana fangasi! Wanaunguzwa matamvua.

Kisha wapo wanaoshauri mchanga uloweshwe kwenye siki au maji ya ndimu ili chokaa iishe. Tafadhali tupige hesabu. Kuyeyusha kilo moja ya chokaa kunahitaji takriban lita 24 za siki ya asilimia 5. Kilo moja tu, na ndoo ya mchanga wa Paje ina kilo nyingi zaidi ya hapo. Nani ana pesa hiyo, na kama anayo, kwa nini asinunue changarawe ya dukani? Siki ina kazi moja hapa, kupima: weka kijiko cha mchanga mkavu kwenye kisosi, dondoshea siki, sogeza sikio. Ukichachatika na kutoa mapovu, una chokaa. Ukinyamaza, endelea nao.

Mchanga wa chokaa una samaki wake. Wale wa Ziwa Tanganyika, ambako pH ya maji ni takriban 9, wanaufurahia, na mbuna wa Ziwa Nyasa vilevile. Neon tetra na diskasi asili yao ni maji laini ya Amazon. Kuwaweka juu ya matumbawe ni kuwaonea. Hata ukifuga wa Tanganyika, usichote ufukweni. Ufukwe unaochotwa mchanga huliwa na bahari, na pwani ya Kunduchi imeshaliwa ardhi ya kutosha.

Sasa cha kufanya. Nunua mchanga wa mto wa kujengea, ambao haujagusana na saruji, maana saruji nayo ni chokaa. Upime kwa siki, kwa kuwa hata wa mto huweza kuwa na magamba ya konokono. Chekecha, tupa kokoto na ule ulio laini kama unga, kwa sababu hugandamana na kuoza chini. Tia nusu ndoo, ingiza mpira wa maji hadi kitako, koroga, mwaga, rudia hadi maji yatoke meupe; yakibaki ya kahawia daima, huo ni udongo, tafuta mwingine. Sabuni na klorini zisiuguse. Tangi la sentimita 60 kwa 30 linataka kina cha sentimita 4, yaani kilo 11 hivi. Mimina maji juu ya sahani ili mchanga usitibuke, na usiwashe filta mpaka vumbi litulie, chembe zikiingia kwenye mota zinaikwangua.