Kwa Nini Nywele Hupukutika Baada ya Msiba?

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 2023 mvua kubwa ilinyesha juu ya Mlima Hanang, mkoani Manyara. Asubuhi hiyo tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka mlimani, yakafunika sehemu ya mji mdogo wa Katesh pamoja na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha, na familia nyingi zilipotewa na nyumba, mashamba na mifugo.

Msiba wa namna hiyo hujulikana na taifa zima. Lakini iko misiba mingine ambayo haitangazwi redioni: mama wa Masieda, katika Wilaya ya Mbulu, aliyefiwa na mumewe, mfugaji aliyebakiwa na ng'ombe wawili baada ya ukame, msichana aliyeugua homa ya matumbo kwa majuma kadhaa. Aghalabu miezi miwili au mitatu baada ya tukio, wakati majirani wamekwisha kurudi kwenye shughuli zao, mhusika hugundua jambo la kumtia hofu. Akichana nywele, chanuo hujaa. Akiamka, hukuta nywele mtoni. Huanza kudhani kwamba amerogwa, au kwamba ana maradhi yasiyo na dawa. Kwa kuwa tukio lenyewe limekwisha kupita, hakumbuki kuyaunganisha mambo hayo mawili.

Hata hivyo mambo hayo yameunganika, na sayansi inaweza kueleza kwa nini.

Unywele huota namna gani?

Kila unywele huota ndani ya kifuko kidogo kilichozama katika ngozi. Chini kabisa ya kifuko hicho mna chembe hai zinazogawanyika kwa haraka sana. Chembe hizo hujazwa protini iitwayo keratini, hukauka, hufa, na kusukumwa juu na chembe mpya zinazozaliwa chini yake. Kwa hiyo sehemu ya unywele inayoonekana nje ya ngozi haina uhai. Uhai uko mzizini.

Kifuko cha unywele hakifanyi kazi mfululizo. Kina vipindi vitatu. Cha kwanza ni kipindi cha kukua, ambacho kichwani huchukua miaka 2 hadi 6. Katika kipindi hicho unywele hurefuka kwa karibu sentimeta 1 kila mwezi, na kwa nywele za Waafrika mara nyingi ni pungufu kidogo ya hapo. Cha pili ni kipindi cha mpito, kinachochukua majuma mawili au matatu, ambapo mzizi husinyaa. Cha tatu ni kipindi cha mapumziko, kinachodumu kwa muda wa miezi mitatu hivi. Mwishoni mwa mapumziko unywele wa zamani hung'oka, na mahali pake huota mwingine.

Katika hali ya kawaida vifuko havipumziki kwa pamoja. Kila kimoja kina zamu yake, kama walinzi wanaopokezana lindo. Ndiyo maana binadamu hapukutiki nywele zote kwa wakati mmoja kama mbuyu unavyopukutisha majani wakati wa kiangazi.

Hesabu inayofafanua jambo hili

Tuseme kichwa kina nywele 100,000. Ikiwa asilimia 10 ya nywele hizo ziko katika mapumziko, basi nywele 10,000 zinangoja kung'oka. Mapumziko yakichukua siku 100, ni dhahiri kwamba kila siku zitang'oka nywele 100. Hesabu hii hukaribiana sana na ukweli, kwani mtu mwenye afya hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku bila kupata upara.

Sasa tuseme mwili umepatwa na mshtuko, na asilimia 30 ya vifuko vimeacha kazi kwa pamoja. Nywele zinazongoja kung'oka sasa ni 30,000. Siku za mwanzo hakuna kitakachoonekana, kwa maana unywele uliopumzika bado umeshikwa na ngozi. Lakini mapumziko yatakapokwisha, zitang'oka nywele 300 kwa siku. Hiyo ndiyo sababu ya ule ucheleweshaji wa miezi miwili au mitatu. Mtu aliyefikwa na msiba mwanzoni mwa Desemba 2023 angeweza kuanza kuona nywele zikipukutika mwezi Februari au Machi 2024.

Daktari Mmarekani Albert Kligman aliieleza hali hii kwa ukamilifu mwaka 1961. Mshtuko unaoweza kuileta ni wa aina nyingi: homa kali, upasuaji, uzazi, njaa, kupungua uzito kwa ghafula, na majonzi makubwa. Baada ya mwaka 2020 madaktari wa nchi nyingi waliiona pia kwa watu waliopona UVIKO-19.

Je, majonzi, ambayo ni jambo la moyoni, huufikiaje mzizi wa unywele? Sehemu ya jibu ilipatikana mwaka 2021, pale watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard wakiongozwa na Ya-Chieh Hsu walipochapisha uchunguzi wao juu ya panya. Mnyama anapokuwa katika dhiki, tezi zilizo juu ya mafigo hutoa homoni ya dhiki. Homoni hiyo huzuia kutengenezwa kwa protini fulani karibu na kifuko cha unywele, na bila protini hiyo chembe zinazoanzisha unywele mpya huendelea kulala. Panya walioondolewa tezi hizo waliendelea kuota manyoya mara kwa mara. Panya si binadamu, lakini uchunguzi huo umeonyesha njia ambayo dhiki inaweza kupitia hadi kufika kwenye ngozi.

Jambo la kutia moyo ni kwamba katika hali hii mzizi haufi, bali umesimama tu. Ni nadra mtu kupoteza zaidi ya nusu ya nywele zake, na kwa kawaida kupukutika hukoma katika muda wa miezi mitatu hadi sita, sababu ikiisha kuondoka. Baada ya hapo huhitajika subira, kwani kwa mwendo wa sentimeta 1 kwa mwezi hakuna kichwa kinachoweza kujaa kwa siku chache.

Si kila upara hutokana na majonzi

Kabla ya kutafuta kinga ni lazima kutambua chanzo. Mabaka yenye magamba na nywele zilizokatika, hasa kwa watoto wa shule, mara nyingi ni mapunye. Haya husababishwa na kuvu, na huambukizwa kwa kugusana na kwa kutumia vifaa vya kunyolea, vitana na kofia kwa pamoja. Dawa ya kupaka peke yake haitoshi, kwa sababu kuvu wamo ndani ya unywele. Mgonjwa huhitaji vidonge kutoka kwa mganga wa zahanati. Wahenga walisema, ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji. Katika shule ambazo wanafunzi wote hunyolewa, methali hiyo ingefaa kuongezewa neno moja: na wembe nao usafishwe.

Upara unaoanzia kwenye paji la uso na pembeni mwa masikio, kwa wasichana na akina mama, mara nyingi hutokana na kusuka kwa kukaza mno. Ukigunduliwa mapema na mtindo ukabadilishwa, nywele hurudi. Ukiendelea kwa miaka mingi, mizizi hufa na nywele hazirudi tena. Upara wa wanaume unaoanzia utosini au kwenye paji ni wa kurithi na huchochewa na homoni za kiume. Huo hauna kinga ya asili iliyothibitishwa, ingawa ziko dawa za hospitali zinazoweza kuupunguzia kasi.

Kinga za asili: zipi zina maana?

Kinga ya kwanza imo jikoni. Keratini ni protini, na mwili usiopata protini ya kutosha huacha kwanza kuhudumia nywele ili kuhudumia viungo muhimu zaidi. Mtoto mwenye utapiamlo wa kwashiakoo huonyesha jambo hilo waziwazi: nywele zake huwa nyembamba, hubadilika rangi na kung'oka kwa urahisi. Vyakula vinavyohitajika havikosekani Mbulu na Hanang. Makande ni mfano mzuri, kwa maana mahindi na maharage hujazana: upungufu wa protini ya mmoja hufidiwa na mwenzake. Maziwa, mayai, dagaa na nyama huongeza nguvu hiyo.

Madini ya chuma nayo ni muhimu, hasa kwa wasichana na akina mama. Hupatikana katika nyama, maharage na mboga za majani. Chai inayonywewa pamoja na chakula hupunguza chuma kinachofyonzwa, hali tunda lenye vitamini C, kama pera au chungwa, hukiongeza. Minyoo ya safura hunyonya damu na kuleta upungufu huo huo. Hivyo matumizi ya choo na uvaaji wa viatu ni sehemu ya utunzaji wa nywele, ingawa wengi hawakuwaza hivyo.

Mafuta ya nyonyo, ya nazi na samli hulainisha unywele na kuuzuia usikatike. Hiyo ni faida ya kweli, lakini haijathibitishwa kwamba huotesha unywele mpya. Mbulu husifika kwa kilimo cha vitunguu saumu, na wako wanaovisugua kichwani. Ni kweli kwamba mwaka 2002 watafiti wa Baghdad walichapisha taarifa ya maji ya vitunguu kusaidia ugonjwa fulani wa mabaka. Lakini wagonjwa walikuwa wachache, vilikuwa vitunguu maji wala si saumu, na ugonjwa wenyewe mara nyingi hupona bila dawa. Saumu mbichi ikiachwa juu ya ngozi huweza kuiunguza kama moto. Kadhalika kunyoa hakuongezi unene wa nywele. Jambo hilo lilipimwa na Mildred Trotter wa Marekani tangu mwaka 1928. Vidonge vya vitamini navyo visimezwe ovyo, kwa kuwa vitamini A ikizidi husababisha nywele kung'oka.

Kuitunza nafsi iliyopotewa

Mafuta na chakula havitoshi ikiwa chanzo ni majonzi. Jamii za Afrika Mashariki zilijua tangu zamani kwamba mwili na msiba havitengani. Katika nyingi miongoni mwao, Wajaluo wakiwa mfano, waliofiwa hunyoa nywele baada ya mazishi. Wanawake wa Kiislamu waliofiwa na waume zao hukaa eda miezi minne na siku kumi. Wataalamu waliochunguza maisha ya Wairaqw wa Mbulu wameandika juu ya metimani, desturi ambayo iliwataka watu waliofikwa na misiba ya aina fulani, kama wazazi waliofiwa na mtoto anayenyonya, wakae mbali na wenzao kwa kipindi maalumu.

Desturi hizi zina hekima moja: huupa msiba mwanzo na mwisho unaojulikana, na humpa mfiwa ruhusa ya kutofanya kama kwamba hakuna lililotokea. Lakini upweke nao una hatari yake. Anayekaa peke yake huacha kula vizuri na kulala, na dhiki yake huwa ndefu. Matanga, ambapo majirani huja kupika, kuteka maji na kukesha, hutimiza kazi ambayo hakuna kidonge kinachoweza kuitimiza. Kasoro yake ni kwamba watu huondoka mapema. Wakati ambapo nywele huanza kupukutika, mwezi wa pili au wa tatu, ndio wakati ambapo mfiwa huhitaji kutembelewa tena.

Mwaka 1999 watafiti wawili nchini Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, walieleza kwamba mtu aliyefiwa hutembea kati ya kazi mbili: kuukabili msiba wenyewe, yaani kulia na kukumbuka, na kuyajenga upya maisha, yaani kulima, kulipa ada za watoto, kujifunza kazi ambazo marehemu alikuwa akizifanya. Kwenda na kurudi kati ya hayo mawili si udhaifu. Anayelia asubuhi na kupalilia jioni hajamsahau marehemu wala hajashindwa na maisha. Hata hivyo, mficha maradhi kifo humuumbua. Uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, ulioanza kutumika mwaka 2022, unatambua majonzi makali yanayozidi miezi sita, kupita kiasi cha desturi za jamii ya mfiwa, na kumzuia asiweze kuendesha maisha yake, kuwa ni ugonjwa unaostahili matibabu. Mtu wa namna hiyo apelekwe kwenye kituo cha afya, sawa na anayeugua homa.

Jaribio la darasani

Mwanafunzi achukue nywele kumi zilizobaki kwenye kitana, azitazame kwa kioo cha kukuzia. Unywele uliong'oka baada ya mapumziko huwa na kijifundo cheupe mwishoni mwake. Unywele uliokatika hauna kijifundo. Darasa lihesabu kila aina na kulinganisha. Kisha wanafunzi wajiulize: unywele wenye kijifundo cheupe uliacha kukua lini, na mwenyewe alikuwa katika hali gani wakati huo?

Mara nyingi watu hukitazama kijifundo hicho kwa hofu, wakidhani ni mzizi uliong'oka. Sivyo. Mzizi umebaki ndani ya ngozi, na pengine umekwisha kuanza kuotesha unywele mwingine, kabla mwenyewe hajauona kwenye kioo.