Daftari la chakula kwenye simu: kubadili jina la mlo hakubadili hesabu yake

Programu za simu zinazohesabu kalori zinamruhusu mtu kuandika alichokula, kisha kurudi baadaye kusahihisha. Kitufe cha kusahihisha kinaonekana chepesi, lakini nyuma yake kuna kanuni ambazo watumiaji wengi hawazioni. Yako mambo yanayobadilika na yasiyobadilika. Yako pia yanayoonekana yamebadilika huku hesabu ikibaki ileile. Kwa mgonjwa wa sukari anayepanga kipimo cha insulini kufuatana na chakula, tofauti hiyo inagusa afya yake moja kwa moja.

Daftari la chakula si jambo jipya. Waganga waliwaomba wagonjwa kuandika milo yao kwenye karatasi miaka mingi kabla ya simu. Mwaka 2008, utafiti uliofanyika Marekani kwa watu karibu 1,700 ulionyesha kwamba walioandika chakula chao kila siku walipunguza uzito mara mbili zaidi ya wale ambao hawakuandika kitu. Kuandika tu, na kuandika mara kwa mara, kulikuwa msaada.

Lakini kilichoandikwa si lazima kiwe kweli. Mwaka 1992, watafiti wa New York walichunguza watu waliodai kwamba wanakula kidogo na bado hawapungui. Vipimo vilionyesha kwamba watu hao walipunguza chakula chao kwenye maandishi kwa wastani wa asilimia 47. Ndiyo maana masahihisho yana maana kubwa: daftari ambalo haliwezi kusahihishwa linabaki na makosa yake.

Mlango wa nyuma

Programu nyingi za aina hii hazitunzi hesabu za vyakula zenyewe. Zinaziomba kwa kampuni nyingine kupitia mlango wa mawasiliano kati ya programu na programu, unaoitwa API. Mfano unaojulikana ni FatSecret, kampuni iliyoanzia Melbourne, Australia. Mtengenezaji wa programu, awe Nairobi, Lubumbashi au Paris, anaweza kutumia mlango huo kuandika mlo, kuusoma, kuusahihisha au kuufuta.

Kila mlo ulioandikwa unapewa namba yake. Anayetaka kusahihisha anatuma namba hiyo pamoja na kile anachotaka kubadili. Kwenye FatSecret mambo yanayobadilika ni manne: jina la mlo, aina ya kipimo, idadi ya vipimo, na wakati wa kula. Wakati huo unachaguliwa kati ya asubuhi, mchana, jioni au "nyingine". Mfumo ukipokea, jibu lake ni fupi: imefaulu, au kuna kosa.

Hapo ndipo mtego ulipo. Tuseme mtu ameandika sahani ya wali, kisha anakumbuka kwamba alikula fufu. Anafungua mlo ule, anafuta neno "wali", anaandika "fufu". Kioo cha simu sasa kinasema fufu. Lakini jina ni maandishi tu. Kalori na wanga vinatoka kwenye chakula kilichochaguliwa mwanzoni, nacho hakijaguswa. Mwisho wa siku mtu huyo anasoma hesabu ya wali chini ya jina la fufu. Njia ya kweli ni kufuta mlo wote na kuuandika upya kwa kuchagua fufu yenyewe.

Tarehe haiguswi

Kitu kingine kisichobadilika ni tarehe. Mlo ulioandikwa kwa siku isiyo yake hauhamishwi kwa njia ya kusahihisha. Nao unapaswa kufutwa na kuandikwa upya.

Kwetu mashariki ya Congo jambo hili lina uzito wake. Mfumo unahesabu tarehe kwa idadi ya siku tangu tarehe 1 Januari 1970. Kwa hesabu hiyo, tarehe 1 Januari 2024 ni siku ya 19,723. Goma, Bukavu na Lubumbashi ziko saa mbili mbele ya saa ya GMT, na Kinshasa iko saa moja mbele. Muuguzi wa zamu anayekula saa sita na nusu usiku Goma ameshaingia siku mpya, wakati saa ya GMT bado ni saa nne na nusu usiku wa jana. Mtengenezaji asiyelikumbuka hilo ataandika mlo huo kwenye siku iliyopita, na kitufe cha kusahihisha hakitausogeza.

Halafu kuna suala la kumbukumbu. Mganga anayesoma daftari la mgonjwa angependa kujua kama takwimu iliandikwa mara moja au ilibadilishwa baada ya sukari kupanda. Ombi la kusahihisha halirudishi takwimu ya zamani. Mtengenezaji anayetaka ibaki ni lazima aisome na kuihifadhi upande wake kabla ya kuibadilisha.

Guigoz si gramu

Hata mtu anayesahihisha kwa uaminifu anakutana na swali la kipimo. Sokoni Bukavu au Goma unga unapimwa kwa guigoz, na nyumbani fufu inagawanywa kwa mkono wa anayepika. Simu inauliza gramu au kikombe. Fufu ya maji mengi na fufu ngumu zinaweza kuwa na uzito mmoja, lakini unga uliomo ndani si sawa.

Sombe inaonyesha tatizo hilo vizuri zaidi. Majani yenyewe yana kalori chache, lakini kijiko kikubwa kimoja cha mawese kina kalori karibu 120. Anayeandika "sombe" bila kuhesabu mafuta ameacha nje sehemu nzito ya chakula. Jirani zetu wana orodha rasmi za vyakula vyao: Tanzania ilitoa yake mwaka 2008 na Kenya mwaka 2018. Mtumiaji wa Congo anaweza kuzitumia kulinganisha, maana sehemu ya vyakula hivyo tunakula pamoja.

Nani ana ufunguo?

Ili programu iandike ndani ya daftari lako, inapewa ufunguo wa siri. Mwenye ufunguo huo anaweza kusoma milo yako, kuibadili au kuifuta. Taarifa za namna hii zinavutia wezi. Mwaka 2018 kampuni ya Under Armour, iliyokuwa mmiliki wa MyFitnessPal, ilitangaza kwamba taarifa za akaunti karibu milioni 150 zilichukuliwa, pamoja na majina ya watumiaji na anwani zao za barua pepe.

Kwa anayetumia programu hizi, mambo matatu yanatosha kuanzia. Ukikosea chakula, futa na uandike upya. Usibadili jina tu. Ukikosea kiasi, badili idadi ya vipimo, kisha tazama kama kalori zimesogea. Zisiposogea, masahihisho hayakuingia. Ukikosea siku, usihangaike na kitufe cha kusahihisha.

Na kwa mgonjwa anayetumia insulini, kipimo cha dawa kisibadilishwe kwa sababu ya takwimu ya simu peke yake. Aende na daftari lake kwa mganga, amwambie fufu yake inapimwaje na mawese yanaingia vijiko vingapi.