Stroberi, nathi na maua: mambo ya kujua kabla ya kununua miche

Wakazi wengi wa Nyandarua wanaanza kutenga kipande cha ardhi kando ya nyumba kwa ajili ya matunda madogo aina ya beri na maua ya kupamba au kuuza. Baridi ya Kinangop na Kipipiri inayafaa mengi ya mazao haya, ila si yote, na tofauti hiyo ndiyo inayowagharimu watu.

Ua kama tulipu huuzwa kwa picha za kupendeza. Katika nchi za majira manne, huchanua baada ya majira ya baridi kwa sababu vitunguu vyake vinahitaji takriban miezi mitatu au minne ya baridi mfululizo ardhini. Hapa karibu na ikweta hakuna majira hayo. Atakayevinunua aweza kuona ua mara moja, kisha abaki na majani matupu. Arabikamu, gladiola na agapantha hazihitaji baridi hiyo, na arabikamu tayari inalimwa na wakulima wadogo wa Kinangop kwa ajili ya soko. Anayetaka kuuza atafute mnunuzi kwanza, kwa sababu ua halisubiri bei ipande.

Bluberi nayo inahitaji tahadhari. Kichaka hiki hutaka udongo wenye asidi nyingi, wa pH kati ya 4.5 na 5.5, na ndiyo maana wakulima wengi wakubwa huipanda kwenye vyungu vyenye udongo maalumu. Kabla ya kulipia mche mmoja, ni busara kupima udongo. Taasisi ya utafiti wa kilimo, KALRO, hutoa huduma hiyo.

Kwa bustani ya nyumbani, stroberi ndiyo rahisi zaidi. Miche hupandwa umbali wa sentimita 30 kwenye tuta lililoinuliwa ili maji yasituame, kisha hutandazwa nyasi kavu ili tunda lisiguse udongo na kuoza. Mmea hutoa vitawi vinavyotambaa na kuota mizizi. Hivyo ndivyo miche ya msimu ujao, bila kununua. Rasiberi huachiwa mita mbili kati ya mistari na hufungwa kwenye waya. Fimbo iliyokwisha kuzaa hukauka, hivyo hukatwa karibu na ardhi ili changa zipate nafasi.

Nathi, lile tunda la manjano ndani ya ganda kama karatasi, wazee walilichuma vichakani bila kulipa chochote. Mbegu za tunda lililoiva zinatosha kuanzisha kitalu. Watoto waelezwe kwamba nathi mbichi ya kijani haifai kuliwa.

Kuna jambo moja linalosahaulika sana katika kaunti hii ya viazi. Nathi ni ya ukoo mmoja na viazi na nyanya, na hushikwa na mnyauko wa bakteria na baka chelewa kama viazi. Stroberi nayo huathiriwa na ugonjwa wa kuvu wa mnyauko unaobaki udongoni baada ya viazi. Kwa hiyo kipande kilichotoka kuvunwa viazi si mahali pa kuanzia beri, hata kama ndicho kilicho karibu na mfereji wa maji.

Kupulizia dawa ni suala zito zaidi. Viazi hupuliziwa mara kwa mara wakati wa mvua, na upepo hubeba dawa hadi kwenye matunda ambayo mtoto huyachuma na kuyala papo hapo bila kuyaosha. Beri zipandwe mbali na shamba hilo, au kizuizi cha mimea mirefu kiwekwe katikati. Dawa ikipuliziwa kwenye beri zenyewe, siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kibandiko ziheshimiwe, na kazi ifanywe jioni nyuki wakiwa wamerudi mzingani. Stroberi isiyotembelewa vizuri na nyuki huzaa tunda lililopinda. Alizeti au lavenda pembeni huwavuta.

Miche ya beri huanzishwa vyema mvua ndefu zinapoanza, kati ya Machi na Aprili. Januari na Februari, usiku ukiwa na anga wazi, jalidi huweza kuunguza maua ya beri kwa saa chache. Magunia au nyasi zikifunikwa jioni na kuondolewa asubuhi husaidia.

Miche inunuliwe kwenye kitalu kilichosajiliwa, na risiti ihifadhiwe. Kuingiza mimea kutoka nje ya nchi kunahitaji kibali cha KEPHIS, hata kama ni mche mmoja ndani ya mkoba wa jamaa anayerudi nyumbani, maana wadudu na magonjwa mageni husafiri na mizizi. Huduma za ugani ziko chini ya serikali za kaunti, na mkazi anayetilia shaka mche au ugonjwa anaweza kumwona afisa wa kilimo wa wadi yake, akiwa na jani au tunda lililoathirika ndani ya mfuko uliofungwa vizuri.