Utomvu wa Mpira: Dawa ya Kidonda cha Mti

Mgema wa mpira huingia shambani alfajiri. Wakati huo mti umejaa maji na msukumo ndani ya gome ni mkubwa. Jua likipanda, majani hupoteza maji na utomvu hupungua. Kwa kisu maalumu mgema hukwangua ukanda mwembamba wa gome kwa mshazari, akiacha kiasi cha milimita moja tu kabla ya kufikia mti wenyewe. Akikata juujuu, mishipa mingi ya utomvu haiguswi. Akizamisha kisu mno, hujeruhi tabaka linalozaa gome jipya, na kovu litakalobaki hapo litamsumbua kila atakaporudi kugema.

Mti huu ni Hevea brasiliensis, ambao asili yake ni bonde la Amazon na ambao hapa Tanzania umepandwa katika mashamba kama Kihuhwi, wilayani Muheza. Usichanganywe na mpira wa kisamvu, ambao majani yake tunapika: ule ni ndugu wa karibu wa muhogo.

Takribani theluthi moja ya utomvu ni mpira, na sehemu kubwa iliyobaki ni maji. Mpira huelea humo kama punje ndogo mno, kila moja ikiwa imevikwa protini na mafuta yenye chaji hasi, hivyo punje husukumana zisigandamane. Gome likikatwa, vifuko vidogo vilivyomo katika utomvu hupasuka na kumwaga protini iitwayo hevini. Hevini huziunganisha punje, utomvu huganda na kidonda huzibika. Kazi karibu yote inayofuata ni ya kuuharakisha mgando huo au kuuchelewesha.

Mpira wa matairi huharakishwa. Utomvu hutiwa asidi ya fomiki, ambayo huondoa ile chaji hasi, nao huganda. Donge hupitishwa kwenye rola likamuliwe maji, kisha shuka zake hutundikwa katika nyumba ya moshi zikauke bila kuota ukungu. Matairi ndiyo yanayomeza sehemu kubwa ya mpira asilia duniani.

Utomvu wa glavu, kondomu na puto hucheleweshwa. Mapema iwezekanavyo hutiwa amonia, inayozuia bakteria na kulinda chaji ya punje. Halafu mashine huuzungusha kwa kasi na kupunguza maji, hadi mpira ufikie asilimia 60. Kiwandani, mikono ya kaure huchovywa kwanza katika chumvi ya kalisi, kisha katika utomvu. Kalisi hugandisha utomvu palepale, na utando mwembamba hubaki umeshika umbo la mkono.

Hata hivyo mpira mbichi hunata kwenye joto na hukakamaa kwenye baridi. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba ukipashwa moto pamoja na salfa, tabia hiyo hutoweka. Salfa hujenga madaraja kati ya minyororo mirefu ya molekuli, nayo ikivutwa hurudi mahali pake. Glavu za utomvu na matairi hupitia hatua hii.

Lakini hevini, ileile inayouponya mti, ni miongoni mwa protini zinazosababisha mzio wa mpira kwa binadamu. Unga uliotiwa ndani ya glavu ulibeba protini hizo hewani hadi kwenye mapafu ya wauguzi. Marekani ilipiga marufuku glavu za unga za kitabibu mwaka 2017. Ndiyo maana kuosha glavu kiwandani kwa maji ya kutosha, ili kuondoa protini hizo, ni suala la afya, na hospitali zetu zina kila sababu ya kudai glavu zilizooshwa vizuri. Protini zinazofanana na hevini zimo pia katika parachichi na ndizi, hivyo baadhi ya wenye mzio wa mpira hudhurika wanapokula matunda hayo.

Basi ukivimba midomo baada ya kupuliza puto, au ukiwashwa mikono baada ya kuvaa glavu, usilipuuze jambo hilo. Mweleze daktari kabla ya upasuaji, kujifungua au kung'olewa jino. Atatumia glavu zisizo za utomvu, na huenda akakuepusha na hatari kubwa.